Eric Howlett: mtu aliyetengeneza jicho la kofia za uhalisia pepe

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma humu mijadala kuhusu kofia za uhalisia pepe, zile zinazoweka picha mbele ya macho ili mvaaji ajione yumo katika dunia iliyochorwa na kompyuta, na karibu kila mara majina yanayotajwa ni yale yale: Ivan Sutherland na chombo chake cha mwaka 1968, Jaron Lanier na kampuni ya VPL, kisha Palmer Luckey na kampuni ya Oculus. Sina ugomvi na majina hayo. Hata hivyo, kazi yangu ya miaka mingi ni kutengeneza kamera, na mtu wa kamera akishika kofia ya namna hiyo haanzi kuuliza habari za skrini wala za programu. Huigeuza, akaangalia kioo kinachokaa mbele ya jicho. Kioo hicho kina mwenyewe. Ni Eric Howlett wa Marekani, na ninaumia kuona tunausifia mlango mwaka hata mwaka bila kumtaja seremala.

Hoja ninayotaka kuitetea katika uzi huu ni hii: Howlett alivumbua kitu chenye nusu mbili, chombo cha kupigia picha na chombo cha kuitazamia, vikiwa vimewekeana agano kwamba kosa la kimoja litalipwa na kingine. Wajenzi wa kofia za mwanzo walichukua nusu moja tu, na ile nyingine ikakaa kando kwa miaka mingi kabla ya kurudiwa kwa njia ya kompyuta.

Tuanze na tatizo lenyewe. Tangu Charles Wheatstone alipoieleza stirioskopu yake mwaka 1838, na David Brewster akaitengeneza yenye lenzi mwaka 1849, ilijulikana kwamba macho mawili yakipewa picha mbili zinazotofautiana kidogo, ubongo huziunganisha na kuona kina. Waliokuwa na stirioskopu za kadi nyumbani mwao walikiona kina hicho, ila walikiona kama mtu aliyesimama hatua kadhaa nyuma ya dirisha: kuna fremu, na ng'ambo ya fremu kuna dunia. Chombo cha Sutherland nacho kilikuwa na upana wa kuona wa nyuzi 40 hivi, ilhali macho mawili ya binadamu kwa pamoja hushika karibu nyuzi 200 kwa ulalo. Mtu hawezi kujihisi yumo mahali iwapo ukingo wa picha uko pale pale anapotazama. Ukingo huo sharti usogezwe hadi pembeni kabisa mwa jicho, kule ambako hatuoni kwa makini lakini tunahisi kila kinachotikisika.

Sasa jaribuni kuusogeza, mtaona ugumu wake. Vituo vya mboni za macho ya mtu mzima kwa wastani vimeachana kwa milimita 63 au 64. Ukiweka picha mbili ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na kitovu chake mbele ya jicho lake, nusu ya upana wa picha upande wa pua haiwezi kuzidi milimita 32, kwani hapo inagongana na picha jirani. Nichukue mfano wangu mwenyewe wa lenzi yenye umbali wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga) wa milimita 30. Mtu akitaka kuona nyuzi 60 kila upande wa kitovu, na mistari yote ibaki imenyooka kama ilivyo katika picha za kawaida, atahitaji picha yenye nusu-upana wa takriban milimita 52. Haiingii. Pembe ikizidi kupanuka, picha iliyonyooka hukua haraka kupita kiasi, na ikifika nyuzi 90 kila upande ingehitaji filamu isiyo na mwisho.

Howlett alizaliwa mwaka 1926, akasomea fizikia katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, na kuhitimu mwaka 1949. Mfumo wake aliutengeneza mwaka 1979 na kuupa jina la LEEP, herufi zinazosimamia maneno yenye maana ya eneo pana na mtazamo wa ziada. Hataza yake ya Marekani (hati ya kulinda uvumbuzi), namba 4,406,532, ilitolewa tarehe 27 Septemba 1983. Kichwa cha hataza hiyo kinazungumzia mifumo ya upigaji wa picha za rangi za stirioskopu zenye pembe pana, nami naomba kila anayesoma asimame hapo kidogo: hakitaji kompyuta. Howlett alikuwa akiwaza filamu, kamera yenye lenzi mbili, na kitazamio cha kushikwa mbele ya uso.

Kitazamio chake kilikuwa na lenzi kubwa, pana, zilizotuna, zenye kukaa karibu mno na jicho. Lenzi kama hizo zina makosa mawili yanayojulikana tangu zamani. La kwanza ni kwamba huvuta picha pembezoni, hivi kwamba mraba huonekana kama mto wa kulalia wenye ncha zilizonyooshwa. La pili ni kwamba huitenganisha rangi: mwanga wa buluu hupinda zaidi kuliko mwekundu, na kila ukingo wenye giza na mwanga huota pindo la rangi kadiri unavyokwenda mbali na kitovu. Fundi wa kawaida angepigana na makosa hayo ndani ya kitazamio chenyewe, akiongeza kioo juu ya kioo. Howlett aliyaacha yawepo, kisha akatengeneza kamera yenye makosa hayo hayo kwa kinyume. Kamera ilibana pembezoni kwa kiasi kile kile ambacho kitazamio kingevuta, na ikazitenganisha rangi kwa kiasi kile kile ambacho kitazamio kingeziunganisha. Ukiitazama filamu yake kwa jicho tupu, unaona picha iliyojikunja kama tumbo la pipa, yenye rangi zilizoachana pembeni. Ukiitazama kupitia kioo kilichoumbwa kwa ajili yake, dunia inanyooka.

Kubana huko ndiko kulikoleta nafasi pia. Katika mfano wangu wa juu, picha ikibanwa ili umbali kutoka kitovu uongezeke sawasawa na pembe, zile nyuzi 60 huingia katika milimita 31 na kidogo. Zinapita penye nafasi ya milimita 32. Mimi hesabu hiyo nilipoifanya kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana sikuamini kwamba kosa la lenzi linaweza kuwa ndilo ufunguo wa kuipenyeza dunia nzima katika nafasi iliyo kati ya pua na kipaji.

Nitaendelea kuhusu NASA na VPL. Wenye maswali wakaribie.

MwalimuMwanga

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu wangeliuliza mara moja, kwa hiyo naliuliza kwa niaba yao. Lenzi za kamera zenye pembe pana, ambazo hunyoosha mistari vizuri na kuzuia pindo za rangi, zilikuwepo muda mrefu kabla ya 1979. Kwa nini Howlett asingechukua ustadi huo wa watengenezaji wa lenzi za kamera na kuutia katika kitazamio, badala ya kulazimika kuwa na jozi ya vyombo ambavyo kimoja bila kingine hakifai?

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Mwalimu, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake linapatikana katika mahali lilipo tundu linalopitisha mwanga.

Katika lenzi ya kamera, tundu hilo huwekwa katikati, vioo vikiwa mbele yake na vingine nyuma yake. Mbunifu akivipanga vioo vya pande mbili vikaribie kufanana, upindaji wa mistari unaosababishwa na kundi la mbele hufutwa na kundi la nyuma, na utengano wa rangi pembezoni hufutwa vivyo hivyo. Ulinganifu ndio unaomfanyia kazi. Kitazamio hakina bahati hiyo. Tundu lake ni mboni ya jicho la mtazamaji, nayo iko nje, nyuma ya vioo vyote. Vioo vyote viko upande mmoja wa tundu, hivyo hakuna kundi la kulipa deni la kundi jingine. Unaweza kupunguza kosa kwa kuongeza vioo, lakini kila kioo kinaongeza uzito unaoning'inia mbele ya uso, na kinaongeza unene unaolisukuma jicho mbali.

Halafu kuna jambo ambalo wabunifu wa kamera hawalazimiki kuliwaza kabisa: jicho huzunguka. Mtu akitazama mbele, haijalishi sana kama ukingo wa picha una ukungu, kwa sababu retina ya pembeni haisomi herufi. Lakini akigeuza macho kuutazama ukingo ule, mboni inahama kwa milimita kadhaa, na lenzi inatakiwa iwe bado na mwanga wa kumpa, ulio na ukali wa kutosha. Hii ndiyo sababu vioo vya LEEP vilikuwa vipana kiasi kile. Upana huo pia ulisamehe tofauti za nyuso za watu: mwenye macho yaliyokaribiana na mwenye macho yaliyoachana waliweza kutumia kitazamio kile kile bila kukirekebisha.

Kwa hiyo Howlett aliweka nguvu za kitazamio katika mambo ambayo kitazamio pekee ndicho kinachoweza kuyafanya, yaani upana, nafasi ya jicho kuzunguka na ukali wa picha, akayahamishia kwenye kamera makosa yale ambayo yanaweza kulipwa kabla picha haijafika. Uamuzi huo wa kugawa kazi naupa heshima kubwa kuliko kioo chenyewe.

MsanifuMichezo

Nimekuwa nikiandika programu za michezo ya uhalisia pepe kwa miaka michache, na nakiri kwamba sikuwahi kulisikia jina la Howlett hadi leo, ingawa kila siku natumia kile unachokieleza. Katika kazi yetu, kompyuta huchora kwanza picha iliyonyooka kwa kila jicho, kisha katika hatua ya mwisho kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha, huikunja picha hiyo kama pipa, na huikunja mara tatu kwa viwango vinavyotofautiana kidogo: nyekundu kivyake, kijani kivyake na buluu kivyake. Niliposoma maelezo yako ya filamu iliyojikunja yenye rangi zilizoachana, niliona ni hatua hiyo hiyo, isipokuwa yeye aliifanya kwa kioo nasi tunaifanya kwa hesabu. Swali langu ni je, wale watu wa NASA waliofuata walikuwa wanaikunja picha kwa kompyuta tangu mwanzo?

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Hapo ndipo penye ile nusu iliyoachwa, ndugu, na ninafurahi kwamba swali limetoka kwa mtu wa programu.

Katikati ya miaka ya 1980, katika kituo cha utafiti cha NASA kiitwacho Ames huko California, Michael McGreevy na wenzake walitaka kofia ya kumwezesha mtu kuona mandhari ya kompyuta pande zote. Helmeti za majaribio ya marubani wa kijeshi zilizokuwapo wakati huo ziligharimu fedha ambazo mradi mdogo usingeweza kuziota. Wao wakachukua skrini za televisheni ndogo za mkononi, zile za skrini bapa ya fuwele za majimaji, na mbele yake wakaweka vioo vya LEEP. Mwaka 1985 Scott Fisher aliujenga upya mfumo wa LEEP kwa ajili ya kituo hicho, na kutoka hapo ukaja mradi uliojulikana kwa jina la VIEW.

Tazameni jinsi mambo yalivyokutana. Howlett aliumba kioo chake kwa ajili ya kipande cha filamu chenye sentimita chache kila upande, kinachopata mwanga kutoka nyuma. Watengenezaji wa televisheni za mkononi, ambao hawakuwa na habari naye, wakazalisha kioo cha sentimita chache kila upande, kinachopata mwanga kutoka nyuma. Mahali pa filamu pakakaa skrini. Sioni kama kuna mtu aliyelipanga hilo, lakini bila kioo kilichokuwa tayari kinasubiri, skrini ile ndogo ingebaki kuwa televisheni ya mkononi.

Baada ya NASA ikaja VPL ya Jaron Lanier, na kofia yao ya EyePhone, iliyoanza kuonyeshwa na kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ilitumia vioo vya LEEP. Vyombo vya kampuni ya Fakespace ya Mark Bolas, vile vinavyoning'inizwa kwenye mkono wa chuma ili uzito usimlemee mtu shingo, navyo vilitumia vioo hivyo. Howlett mwenyewe, katika kampuni yake ya LEEP Systems iliyokuwa Waltham, Massachusetts, alitengeneza kofia zilizoitwa Cyberface. Kwa kipindi cha miaka kadhaa, ukiingia katika maabara ya uhalisia pepe nchini Marekani ukavaa walichokuwa nacho, ulikuwa na nafasi kubwa ya kuwa unatazama kupitia kazi ya mikono yake.

Lakini wote hao walinunua kitazamio. Kamera hawakuihitaji, kwa sababu picha zao zilichorwa na kompyuta. Na kompyuta za wakati ule zilichora kwa mstari ulionyooka tu. Kuikunja picha nzima, kitone kwa kitone, mara kadhaa kwa sekunde, kulihitaji nguvu ambazo mashine zilizokuwapo hazikuwa nazo za kutosha. Matokeo yake ni kwamba picha iliyonyooka ilitiwa katika kioo kilichozoea kupokea picha iliyobanwa, na kuta za vyumba zikaonekana zimepinda, na vitu vikabadilika umbo kadiri mtu alivyogeuza kichwa. Mwaka 1992 Warren Robinett na Jannick Rolland wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill walichapisha modeli ya kihesabu ya njia yote ya mwanga katika kofia yenye vioo vya LEEP, wakaonyesha namna ambavyo kompyuta ingepaswa kuikunja picha ili kosa la lenzi lilipwe. Kwa maneno mengine, waliiandika upya kamera ya Howlett kwa lugha ya hesabu. Hatua unayoiita ya mwisho katika programu zako, mizizi yake iko hapo.

NuruYaPwani

Naheshimu juhudi za mleta uzi, lakini naomba nitofautiane naye kwa adabu. Naona tunampa Howlett sifa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya skrini. Kofia za miaka ya 1990 hazikufa kwa sababu ya mistari iliyopinda. Zilikufa kwa sababu picha zilikuwa za ukungu, kompyuta zilikuwa za polepole, na bei ilikuwa ya kutisha. Zilipokuja simu za mkononi zenye skrini kali, uhalisia pepe ukafufuka, na waliofufua walitumia lenzi moja rahisi ya plastiki kwa kila jicho, si vile vioo vizito vya LEEP. Je, si sahihi zaidi kusema kwamba mvumbuzi halisi ni soko la simu?

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Ndugu NuruYaPwani, sehemu ya kwanza ya hoja yako naikubali bila kusita, na nitaitilia nguvu kwa takwimu. Skrini ya EyePhone ilikuwa na vitone 360 kwa 240, tena hapo nyekundu, kijani na buluu zimehesabiwa kila moja peke yake. Ukivitandaza vitone hivyo 360 juu ya nyuzi 90, unapata vinne kwa kila uzi mmoja, wakati jicho lenye afya linaweza kutofautisha takriban 60. Vioo vya pembe pana vilikuwa vinakuza umaskini. Ilibidi waweke karatasi ya kutawanya mwanga mbele ya skrini ili nafasi nyeusi kati ya vitone zisionekane kama wavu. Howlett mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1992 alieleza hadharani wazo la kupachika kipande kidogo chenye vitone vingi katikati ya picha pana, mahali jicho linapotazama zaidi. Kampuni ya Varjo ya Ufini ilitoa kofia yenye wazo la jamii hiyo mwaka 2019.

Sehemu ya pili siikubali. Ni kweli kwamba kofia ya kwanza ya Oculus iliyopelekwa kwa waandaaji programu mwaka 2013 ilikuwa na skrini moja ya vitone 1280 kwa 800 na lenzi moja tu kwa kila jicho. Lakini jiulize lenzi moja rahisi iliwezaje kuruhusiwa. Iliruhusiwa kwa sababu kadi za michoro zilikuwa zimepata nguvu ya kuikunja picha, na kwa hiyo kosa la lenzi lilikuwa na mahali pa kulipiwa. Nusu ya pili ya uvumbuzi wa Howlett ilipopatikana katika programu, nusu ya kwanza ikaweza kuwa nyepesi na ya bei nafuu. Luckey hakulifikia hilo akitokea gizani: alikusanya kofia za zamani, akazifungua na kuzisoma, na alifanya kazi katika maabara ya Mark Bolas huko Kusini mwa California, yule yule aliyekuwa ametumia vioo vya LEEP kwa miaka mingi. Mkono umepokea kutoka mkononi.

Hata kiboksi cha karatasi ngumu cha Google cha mwaka 2014, ambacho mtu alikitia simu yake na kukishika usoni, baadaye kilikuja kuwa na msimbo wa mraba uliochapwa juu yake. Simu ilipousoma ilipata vipimo vya lenzi za kiboksi hicho hicho, ikajua ikunje picha kiasi gani. Lile agano la kamera na kitazamio lilikuwa limechapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi.

MsanifuMichezo

Naomba kuuliza la kidunia kidogo. Hataza alikuwa nayo, je, haikumlinda?

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Hataza za Marekani za wakati ule zililindwa kwa miaka 17 tangu kutolewa. Iliyotolewa mwaka 1983 ilifika kikomo mwaka 2000, katika kipindi ambacho watu wengi waliamini uhalisia pepe umezikwa. Howlett alifariki Desemba 2011. Agosti 2012 Oculus ilianza kuchangisha fedha kwa umma kupitia Kickstarter na kupata zaidi ya dola milioni 2.4, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook kwa takriban dola bilioni 2. Kati ya kifo chake na mchango wa kwanza kuna miezi minane. Hilo linanisikitisha kila ninapolikumbuka, na sioni haya kulisema.

MwalimuMwanga

Ndugu FundiKamera, baada ya jibu lako la kwanza nilitaka wanafunzi wangu walione jambo hili kwa macho yao badala ya kulipokea kwa masikio. Hatuna kofia wala kitazamio cha LEEP. Tunayo miwani ya kukuzia ya mkononi, yenye kipenyo cha sentimita 5, na karatasi. Unashauri nini?

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Mwalimu, hicho kinatosha. Chukua karatasi ya miraba, iweke mbele ya lenzi kwa umbali unaokaribia umbali wake wa fokasi, na mwanafunzi alete jicho karibu na lenzi kadiri awezavyo. Mistari ya katikati itanyooka na ya pembeni itakunjika. Kisha mpe karatasi tupu, achore kwa mkono mistari inayopinda kinyume, na airekebishe hadi ionekane imenyooka kupitia lenzi. Asitumie rula. Atachora mara nyingi, lakini atakapopata, atakuwa na filamu ya Howlett mezani.

Ukitaka na rangi, tumia karatasi nyeusi na penseli za rangi zinazong'aa, na umulike vizuri. Kwenye karatasi nyeupe mambo ya rangi yatawachanganya.

MwalimuMwanga

Ninaleta taarifa. Tulifanya zoezi hilo kwa vipindi viwili. Kundi la kwanza lilichora miraba iliyotuna kama pipa, na kwa majaribio ya nne au ya tano ikanyooka ndani ya lenzi isipokuwa kwenye kona, ambako ukungu wa lenzi yetu ulitushinda. Walishangaa kwamba mchoro uliokuwa sahihi ndio uliokuwa mbaya kuliko yote mezani.

Kundi la pili lilichukua karatasi nyeusi. Walichora karibu na ukingo mstari mmoja mwekundu na juu yake hasa wakapitisha wa buluu, na kupitia lenzi mistari hiyo miwili ikaachana. Msichana mmoja aliomba karatasi nyingine, akachora wa buluu ndani kidogo, upande wa kitovu, na mwekundu nje yake, umbali wa nusu milimita hivi. Alipotazama akanyamaza, kisha akampa jirani yake lenzi. Nami nilitazama baada yao. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari miwili iliyoachana kabisa. Ndani ya kioo ulikuwa mmoja, wa zambarau.

FundiKamera (mwanzisha uzi)

Mwalimu, tafadhali mwambie binti huyo kwamba buluu aliyoisogeza ndani ndiyo ile ile ambayo MsanifuMichezo anaisogeza katika programu zake kila siku, na ndiyo ambayo Howlett aliisogeza kwa kioo cha kamera yake mwaka 1979. Na kama karatasi ile bado ipo, msiitupe.